Irente: Ujirani Usiofuta Asili

Asimamaye juu ya jabali la Irente, si mbali na mji wa Lushoto, huiona nyika imetandazwa chini kama jamvi. Huko chini ni Mazinde, alikokaa Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, katika karne ya 19, karibu na njia ya misafara ya pwani. Huku juu liko shamba la Kanisa la Kilutheri, na makao ya watoto, na shule ya wasioona. Waislamu na Wakristo wa milimani huuziana, huzikana, na kusalimiana kwa Kisambaa kimoja.

Msomaji mpenzi, katika milima hii hii wako pia Wambugu, wafugaji waliokaa miaka mingi kati ya Wasambaa. Lugha yao ya ndani ni ya ajabu: sarufi yake ni ya Kibantu, yafanana na ya Kipare; bali maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi, urithi wa wazee wao. Kwa jirani Mmbugu husema Kisambaa. Kwa jamaa zake, Kimbugu. Hakumkimbia jirani, wala hakuusahau ukoo.

Funzo hili latuhusu sisi wenye watoto. Kijana wetu asomaye pamoja na wa dini nyingine hapotezi dini yake kwa kukaa nao. Huipoteza akikosa nyumbani wa kumfundisha sala na adabu. Hilo halimpasi jirani. Ni amana ya baba na mama.