Nyumba Yenye Magurudumu Kando ya Ziwa Tahoe

Huko Marekani, shule zifungwapo mwezi wa Juni, jamaa nyingi huenda likizo bila kulala hotelini wala kwa ndugu. Husafiri katika nyumba yenye magurudumu, yaani motokaa kubwa iliyo na vitanda, jiko, choo na meza ya kulia, ama tela lenye vitu hivyo linalovutwa na gari jingine. Mahali pamoja wanapopapenda sana ni Ziwa Tahoe, katika milima ya Sierra Nevada, mpakani mwa majimbo ya California na Nevada. Msomaji mwenye ndugu au mtoto anayekaa upande ule huenda siku moja akaalikwa kwenda naye. Basi na ajue mapema ya kwamba safari hiyo huanza kwa kalamu na daftari, wala si kwa ufunguo wa gari.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Tahoe liko futi 6,225 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Ziwa Naivasha letu. Lakini mfano huo wakoma hapo. Naivasha kwa sehemu kubwa halina kina kirefu, bali Tahoe lina kina cha futi 1,645. Majengo manne kama lile la KICC la Nairobi, yakipangwa moja juu ya jingine, yangezama yote. Urefu wake ni maili 22 na upana wake maili 12. Jina lake latokana na neno la kabila la Washoe, wenyeji wa tangu zamani, na maana yake ni “ziwa” tu.

Wakati wa baridi theluji huanguka kwa wingi sana. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847, wahamiaji zaidi ya 80 waliokuwa wakienda California kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe walizuiwa na theluji karibu na kipito ambacho leo huitwa Donner, na karibu nusu yao walikufa. Kwa hiyo mwenye watoto huchagua Julai, Agosti au mwanzo wa Septemba. Hata hivyo achukue mablanketi mazito, kwa maana usiku wa Julai ni baridi kama usiku wa Kinangop.

Jambo moja la ziwa hili yafaa likumbukwe kuliko mengine. Mito na vijito 63 huingia ndani yake, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Truckee, nao huishia katika Ziwa Pyramid, jangwani Nevada. Tone la maji likiisha kuingia Tahoe hukaa humo, kwa wastani, miaka 650 hivi. Uchafu utiwao leo hauondoki kesho.

MAPIMO YA GARI

Kosa la wageni wengi ni kukodi gari kwanza na kutafuta kambi baadaye. Yapasa iwe kinyume chake. Nafasi katika kambi za serikali ya California huanza kuandikishwa miezi 6 kabla ya siku yenyewe, na zile za wakati wa joto hujaa upesi. Tena kila kambi ina kipimo chake. Katika kambi ya Sugar Pine Point, upande wa magharibi wa ziwa, motokaa yenye nyumba isizidi futi 32, na tela lisizidi futi 26. Kambi zilizo karibu na ghuba ya Emerald Bay hukubali magari mafupi zaidi. Aliyekodi gari la futi 36 atarudishwa mlangoni, hata kama watoto wamechoka na jua limekuchwa.

Njia nayo ichunguzwe. Kutoka mji wa Sacramento, ulio tambarare, barabara nambari 50 hupanda mpaka Echo Summit, zaidi ya futi 7,300, kisha hushuka ghafula kuelekea ziwani. Dereva aliyepata kuteremka bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu anajua dawa yake: atie gea ndogo mapema, wala asikanyage breki mfululizo mpaka zitoe moshi. Barabara nambari 89, inayopita juu ya Emerald Bay, ni nyembamba na ina kona kali. Mwenye gari refu afadhali azunguke.

MAJI NA MEKO

Gari la namna hii lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyooshea vyombo na mwili, na la choo. Kambi nyingi za serikali hazina bomba wala umeme wa kila gari, hivyo jamaa huishi kwa maji waliyokuja nayo. Lita 150 zina uzito wa kilo 150, kama watu wawili wanene, na uzito huo lazima uhesabiwe kabla ya kupanda mlima. Watu watano wasipojizuia huzimaliza kwa siku mbili. Yafaa kila mtoto apewe kazi yake: mmoja atazame kipimo cha tangi, mwingine akumbushe wanaooga kufunga bomba.

Maji machafu hayamwagwi kichakani, hata yale ya kuoshea sahani. Huchukuliwa mpaka mahali maalum pa kumwagia. Miji ya kando ya ziwa yenyewe husukuma maji yake machafu yote kwa mabomba mpaka nje ya bonde.

Mama mpishi naye akumbuke kwamba kwa kimo kile maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Watu wa Nakuru na Nyandarua hawatashangaa, lakini mtu wa Mombasa ataona maharagwe yake yamekataa kuiva.

DUBU NA MOTO

Misitu ile ina dubu weusi. Chakula, sabuni, dawa ya meno na kila kitu chenye harufu hufungiwa katika kabati la chuma lililowekwa kambini. Sisi twajua tabia ya nyani aliyezoea mahindi ya shamba. Dubu aliyeonja chakula cha watu hurudi, huvunja milango ya magari, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Kwa hiyo kipande cha mkate kilichosahauliwa mezani si jambo dogo.

Moto ni hatari kubwa zaidi. Mwaka 2021 moto ulioitwa Caldor ulivuka milima, na tarehe 30 Agosti watu wa mji wa South Lake Tahoe waliamriwa wahame. Magari yalijipanga kwa masaa katika barabara ya kutokea. Tangu hapo mwenye busara hujaza petroli mara afikapo, hujua njia mbili za kutoka, na huuliza kila siku kama kuwasha moto kumeruhusiwa.

MGENI NA MWENYEJI

Wataalamu hupima weupe wa maji ya Tahoe kwa kushusha sahani nyeupe mpaka isionekane tena. Mwaka 1968 ilionekana kwa wastani mpaka futi 100 na zaidi. Mwaka 2024 ilikuwa futi 62 hivi. Sababu kubwa ni vumbi jembamba la udongo kutoka barabarani na ardhi iliyochimbwa, pamoja na mbolea inayokuza mimea midogo majini. Mkulima aliyechimba makinga-maji shambani mwake hahitaji kuelezwa zaidi.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziwa halina mdomo wa kumwambia mgeni kwamba ameliumiza. Basi asubuhi ya kuondoka, baba azunguke kambi pamoja na watoto: watazame kama mfuniko wa tangi la maji machafu umekazwa, waokote kila karatasi, na waguse majivu kwa mkono. Yakiwa bado na joto, wayamwagie maji tena, wangoje.