Mwenye Gamba Huyu ni Nani?

Mama wenzangu, sisi tuliolelewa Pwani hatukosi majina ya viumbe vya baharini: kasa tunamjua, na ng'amba tunamtambua kwa gamba lake. Lakini tukifika kwenye maji matamu, kila mwenye gamba huwa kobe tu. Na jina hilo moja, likitumiwa bila kutazama, laweza kumwua mnyama.

Baada ya mvua za masika, mjukuu wangu alileta mmoja nyumbani kwetu Pumwani. Alimwokota karibu na Mto Nairobi. Alikwisha kutafuta sanduku na kabichi. Nikamwambia, "Ngoja, mume wangu, tumtambue mgeni kwanza."

Kobe wa nchi kavu ana gamba lililoinuka kama bakuli lililofudikizwa, na miguu minene kama nguzo. Huyu gamba lake lilikuwa bapa, na vidole vyake vina utando na kucha ndefu. Alipoogopa hakurudisha kichwa ndani moja kwa moja. Alikunja shingo ubavuni, chini ya ukingo wa gamba, kama wafanyavyo kobe wa majini wa jamii zetu za Afrika. Tukamgeuza taratibu tutazame tumboni. Wale waitwao Pelusios wana bawaba hapo, na sehemu ya mbele hufunga kama mlango. Huyu hakuwa nayo: alikuwa Pelomedusa.

Hata wataalamu waliwahi kuwahesabu Pelomedusa wote, kutoka Afrika Kusini hadi Yemeni, kuwa aina moja. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba ni aina zisizopungua 10. Mmoja wao, wa Tanzania, wakamwita Pelomedusa kobe, kwa neno letu wenyewe.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Kobe wa nchi kavu hula majani, na akitiwa katika maji ya kina huzama. Pelomedusa hula zaidi vyura, minyoo na wadudu, tena humezea majini. Sandukuni angekufa kwa njaa, kabichi ikiwa mbele yake. Tulimrudisha majini jioni ileile, na kijana akanawa mikono kwa sabuni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo hairuhusu kuwafuga bila kibali.

Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi mtoto akileta kiumbe nyumbani, tusianze kwa kumpa chakula. Tuanze kwa kumtambua.