Oili ya Giaboksi: Tano Si Bora Kuliko Nne

Watu wengi wenye motokaa ndogo huijua vema oili ya injini. Asubuhi hufungua boneti, huchomoa kijiti, hukifuta kwa kitambaa na kupima. Lakini ukiwauliza ndani ya giaboksi mna oili gani, tena ilitiwa lini, hunyamaza. Motokaa nyingi hazina kijiti cha kupimia giaboksi, wala hazina taa ya kumwonya dereva. Giaboksi hukaa kimya miaka mingi, na siku inapoanza kulia, mara nyingi imekwisha kuumia. Basi leo tuzungumze habari ya oili hiyo, maana nimeona jinsi chupa moja isiyofaa inavyoweza kutikisa nyumba nzima.

Binamu yangu, mama wa watoto wanne, anakaa Njombe. Anayo motokaa ndogo ya gia za mkono, na kila siku alfajiri hupeleka maziwa mjini. Chakula cha watoto na sare zao za shule hutoka humo. Siku moja alikwenda dukani kununua oili ya giaboksi. Muuzaji akamwonyesha chupa mbili, moja imeandikwa GL-4, nyingine GL-5, akamwambia: "Mama, tano ni zaidi ya nne. Chukua hii, hutajuta." Akalipa bei kubwa, akaenda zake na furaha. Baada ya miezi michache gia zikaanza kukwaruza, hasa ya pili, hasa asubuhi. Akaniuliza kama auze ng'ombe mmoja apate kununua giaboksi nyingine.

Je, yule muuzaji alikosa wapi? Alidhani namba hizi ni kama madarasa ya shule, ya kwamba wa tano amempita wa nne. Sivyo. Ni namba za kazi mbili mbalimbali.

Ndani ya giaboksi ya mkono mna magurudumu ya meno, na kando yake mna pete ndogo, ambazo katika motokaa nyingi ni za shaba. Unapobadili gia, pete hiyo husugua kwanza gurudumu linalotakiwa, ikalipunguza au ikalizidisha mwendo, mpaka vyote viwili vizunguke sawasawa. Ndipo gia huingia bila kelele. Kwa hiyo oili ya giaboksi ina kazi mbili zinazopingana. Yapasa iteleze ili meno yasilike, lakini isiteleze mno hata pete ikashindwa kushika.

Oili ya GL-5 ilikusudiwa hasa difu ya nyuma, ambamo meno husuguana kwa nguvu nyingi sana huku yakiteleza ubavu kwa ubavu. Ili kuyalinda, hutiwa dawa za salfa na fosforasi, kadiri ya mara mbili ya zile zilizomo katika GL-4. Ndani ya difu dawa hizo ni rafiki. Ndani ya giaboksi zaweza kuifanya pete iteleze isishike, na zingine, zikipata joto, huila shaba pole pole. Tena, katika motokaa nyingi ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya giaboksi yenyewe, lakini meno yake si ya namna ile ya nyuma. Hayahitaji ukali wa GL-5.

Fundi mmoja mzee alikisoma kitabu cha motokaa ya binamu yangu, akakuta kimetaja GL-4. Akaimwaga ile oili, akatia iliyotajwa. Gia ya tatu na ya nne zikawa laini tena. Ya pili imebaki na mkwaruzo kidogo wakati wa baridi, kwa kuwa pete yake imekwisha kulika. Ng'ombe hakuuzwa, lakini pete haikurudi kuwa mpya.

Usifikiri kwamba nasema GL-5 ni mbaya siku zote. Ziko motokaa ambazo watengenezaji wake wameikubali katika giaboksi, na ziko chupa zilizoandikwa GL-4 na GL-5 pamoja. Honda kwa miaka mingi waliagiza oili ya injini katika giaboksi za baadhi ya motokaa zao. Ile Mini ya Uingereza iliyotoka mwaka 1959 ilitumia oili moja tu kwa injini na giaboksi pamoja. Basi neno la mwisho si la muuzaji, wala si langu. Ni la kitabu cha motokaa yako.

Labda utasema: "Motokaa yangu ilitoka Japani, na kitabu chake ni cha Kijapani." Usikate tamaa. Alama kama GL-4 na 75W-90 mara nyingi huandikwa humo kwa herufi na tarakimu hizi hizi tunazozisoma sisi. Tafuta ukurasa wa mafuta, utaziona. Kama kitabu kimepotea, muulize fundi anayeijua giaboksi ya aina hiyo, naye akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Sasa hizo namba 75W-90 maana yake nini? Ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha tabia ya oili wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili hulainika upesi asubuhi. Ya pili yaonyesha unene wake ikiwa moto. Kwa mtu wa Njombe au Makete, 75W huleta nafuu alfajiri kuliko 80W. Kwa mtu wa Dar es Salaam tofauti hiyo ni ndogo. Wala usiogope hiyo 90 ukadhani ni nzito kama lami. Vipimo vya oili ya gia ni vingine. 90 ya gia haizidi sana unene wa 40 au 50 ya injini.

Siku ya kubadili, yashike haya. Endesha kidogo kwanza ili oili ipate joto. Simamisha motokaa mahali tambarare. Kisha fungua nati ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Wako waliomwaga oili yote, halafu nati ya kujazia ikakataa kufunguka, na motokaa ikalala pale pale. Itazame oili inayotoka. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma au chenga nyingi za shaba zataka fundi. Kisha jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu. Motokaa nyingi ndogo hunywa kadiri ya lita mbili.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kabla hujatoa fedha dukani, kisome kitabu, andika namba zake kwenye karatasi, nenda nayo mkononi. Muuzaji akikuambia iko iliyo bora zaidi, mwonyeshe karatasi yako, umwombe hiyo iliyoandikwa.