Mvua ya Kwanza na Jembe la Rafiki



Kila mwaka ninapofundisha msamiati wa majira, hupata taabu ileile. Vitabu vyetu vinazungumza kwa sauti ya pwani: masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe baada yake, vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sisi wa Arua tuna majira gani?" Nilimwambia atazame dirishani. Ulikuwa mwezi wa pili, na upepo mkavu wa kaskazini ulikuwa ukiingiza vumbi jekundu hadi juu ya madawati. "Hicho ni kiangazi," nilimjibu. "Subiri mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, utaona kile ambacho watu wa Ulaya hukiita majira ya kuchipua. Wao hutoka katika baridi. Sisi hutoka katika vumbi."

Nyumba yangu iko kwenye mteremko wa Mlima Arua, na nyuma yake nina bustani ya hatua kumi na mbili kwa nane. Kwa miezi minne ya ukame hubaki ngumu kama sakafu. Kisha mvua ya kwanza hunyesha, na usiku uleule vyura, ambao sijui walikuwa wamejificha wapi, huanza kuitana. Kumbikumbi, ambao kwa Kilugbara tunawaita onya, hutoka ardhini kwa maelfu. Watoto wa jirani huweka taa juu ya beseni la maji, na asubuhi mtaa mzima hunukia kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Maembe huanza kuiva, na kwera hurudi kusuka viota vyao. Mtu aliyechoshwa na kusahihisha madaftari hahitaji nauli ya kwenda mbali ili apumzike. Anahitaji kutoka nje alfajiri, avue viatu, akanyage udongo uliolowa.

Lakini bustani ya mlimani ina adabu zake. Mwaka wangu wa kwanza nilichimba matuta yakifuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu yalipendeza macho. Mvua ya pili tu ilibeba samadi, udongo na miche yangu ya nyanya, ikaimwaga katika ua wa mzee anayeishi chini yangu. Hakunigombeza. Alisimama penye ua wa miti, akaniita: "Mwanangu, udongo wako umekuja kunitembelea." Siku iliyofuata tulichimba pamoja matuta mapya yanayokata mteremko, ili maji yatembee polepole na kuzama. Tangu siku hiyo najua kwamba maji yanayotoka kwangu ni shauri la jirani yangu pia. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inaweka wajibu wa kuheshimu haki za wengine na wajibu wa kutunza mazingira katika orodha moja. Nilikuwa nimeifundisha ibara hiyo mara nyingi kabla ya kuielewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Chuoni tulikuwa marafiki watatu: mimi Mlugbara wa Arua, mwenzangu Mkakwa wa Koboko, na dada mmoja, Mkakwa pia, lakini wa Yei, ng'ambo ya mpaka. Yeye alikuwa amekulia Koboko kama mkimbizi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kipande cha shamba la chuo ndicho kilichotulisha. Mwezi Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru, alikata shauri kurudi Yei kufundisha. Siku ya kuagana alinikabidhi jembe lake. "Nitunzie, Mwalimu," alisema akicheka. "Nitakuja kulidai."

Mwaka 2016 vita vilizuka tena Juba, vikasambaa hadi Yei. Maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu. Wakati huo nilikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo na maneno mengi. Siku moja, katika chumba cha walimu, nilisema kwa sauti kwamba wageni hawa wangemaliza kuni zetu, maji yetu na nafasi za watoto wetu shuleni. Wengine waliitikia kwa vichwa. Wiki chache baadaye rafiki yetu wa Koboko alinipigia simu: "Yule dada wa Yei yuko Rhino Camp. Ameuliza habari za jembe lake."

Msomaji, sikwenda. Ilikuwa safari isiyozidi asubuhi moja, nami sikwenda. Kwanza nilijitetea kwa mitihani, kisha kwa nauli, kisha kwa mvua. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Kila nilipoona jembe lile chini ya upenu, niliyasikia maneno yangu. Miaka ikapita, mchwa wakala mpini.

Aibu yangu ilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbia kwa wingi kwenda Zaire na Sudan. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao. Mama hadi leo husimulia habari za mwanamke wa upande wa Aru aliyempa pingili za muhogo na kipande cha kuzipanda, bila kumwuliza kabila wala atakaa hadi lini. Tena, ardhi hii yenyewe imebadilishiwa bendera mara kadhaa: ilikuwa sehemu ya Eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold, ikahamishiwa Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914. Wakakwa walijikuta katika nchi tatu bila kusogeza vibanda vyao. Nani kati yetu basi ni mwenyeji kiasi cha kuhesabu kuni za mwenzake?

Mwaka jana, Jumatatu ya Pasaka, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, nilipigiwa simu na rafiki wa Koboko. Hakuuliza kama nina nafasi, alisema, "Tunakuja, sisi wawili." Alfajiri ile nilikata tawi, nikalichonga, nikalitia jembe mpini mpya. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Alishuka kwenye bodaboda akiwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, mkononi ana kitambaa kilichofungwa fundo. Hakunisalimu kwanza. "Mwalimu, jembe langu lipo?" Nililitoa. Alilipima mkononi, akatazama mpini, akatazama uso wangu, akanyamaza. Hapo nilimweleza yote, hata maneno ya chumba cha walimu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, "Hata sisi tuliokuwa Koboko zamani tulisema hivyohivyo juu ya waliokuja baada yetu." Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na mbegu za mlenda, ambao kwao huitwa kudra. "Tupande kabla jua halijawa kali."

Tulipanda, watatu sisi, kama zamani: mmoja akichimba, mmoja akitia samadi, mmoja akifukia. Mzee wa chini alitujia na maembe, akakaa juu ya gogo akitukosoa. Mchana tulikula majani ya kunde kwa sima ya muhogo na mtama, tukawataja walimu wetu mmoja mmoja, tukacheka hadi machozi. Jioni aliondoka na jembe lake begani. Alikuwa na kipande chake kule kambini, nacho pia kilikuwa kimepata mvua. Sikumzuia.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mbacha wangu, nikabahatika kuurudishiwa kwa huruma ya mwenyewe. Yaliyosemwa siku ile katika chumba cha walimu hayafutiki, lakini nimekwisha kuyarudia mbele ya wenzangu walewale, nikakiri kwamba nilikosea. Huo nao ni uraia, na ulikuwa mgumu kuliko kuchimba matuta.

Mlenda ule ulizaa mbegu nyingi, na majirani wanne wamekwisha kuzichukua. Mvua za mwaka huu zimeanza juzi. Kama unacho kipande cha ardhi, hata kama ni mkebe uliotobolewa chini, tia mbegu. Na kama kuna rafiki wa zamani unayemkwepa kwa sababu unayoijua wewe peke yako, usingoje akufuate kama nilivyongoja mimi. Mimi Pasaka hii ndiye nitakayepanda gari kwenda Rhino Camp, na mbegu za nyanya mfukoni.