Kucha za mama kabla ya sendofu

Jamani, saluni siyo lazima! Binti mmoja wa Migato, kule Itilima mkoani Simiyu, alikuwa na sendofu Jumamosi. Akamwambia mama yake waende Bariadi wakatengeneze kucha. Mama akagoma: "Mikono hii ya kuchuma pamba nikamwonyeshe nani, mwanangu?"

Binti hakubishana. Ijumaa jioni akamkalisha uani. Akazikata kucha na kuzipiga tupa zikiwa bado kavu, maana zikishalowa huchanika. Kisha beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, dakika 5. Ngozi ya pembeni akaisukuma taratibu kwa kijiti kilichozungushiwa pamba. Hakuikata, maana pakichubuka vijidudu vinapita hapohapo. Akapaka mafuta ya nazi, akakanda kidole kimoja kimoja. Mama kimyaaa.

Kabla ya rangi akafuta mafuta kwenye kucha kwa asetoni, la sivyo ingebanduka mapema. Akapaka nyekundu mara mbili, nyembamba nyembamba, akisubiri ya kwanza ikauke. Juu akamalizia na ile ya kung'arisha, hadi nchani.

Kesho yake ukumbini, muda wa kutunza ulipofika, mama ndiye aliyetangulia mbele, mikono juu, anacheza.

Wewe mara ya mwisho umeshika mikono ya mama yako lini?