Mashine Isiyo na Kompaila

Wakati ule programu nyingi za Linux zilitufikia zikiwa msimbo mtupu ndani ya faili lililobanwa, na maelekezo yake hayakuzidi mistari mitatu: ./configure, kisha make, kisha make install. Wengi wetu tuliishia mstari wa kwanza. Configure ilikagua mashine kitu kimoja baada ya kingine, halafu ikagoma: haikuona kompaila ya C inayofaa.

Hii ni Dar es Salaam ya mwaka 2007. Ubuntu tuliipata kwenye CD ambazo Canonical ilimtumia bure kwa posta yeyote aliyeziomba, nasi tukazipitisha mkono kwa mkono. Ilikuja na Firefox, OpenOffice, hata michezo ya karata, ila zana kamili za kujengea programu hazikuwemo kwenye mfumo uliokwisha kusakinishwa. Mtumiaji wa kawaida haihitaji kompaila, na akiihitaji anaandika apt-get install build-essential, anasubiri kidogo. Waliopanga hivyo walikuwa na intaneti nyumbani.

Sisi tulikuwa na intaneti kafe, tena ya setilaiti. Ujanja uliotuokoa ulikuwa chaguo la --print-uris, ambalo huifanya apt-get iorodheshe anwani za vifurushi vyote vinavyotakiwa bila kuvipakua. Orodha unaitia kwenye flashi, unakwenda nayo kafe, unavipakua kimoja kimoja huku mhudumu akikukumbusha, “Kaka, muda wako umekwisha.” Ukifika nyumbani unavisakinisha kwa dpkg.

Aliyeona orodha ni ndefu mno akabeba gcc peke yake alikutana na fumbo jingine. Sasa configure ilikubali kwamba kompaila ipo, lakini ikadai haiwezi kutengeneza programu inayoendeshika. Kilichokosekana ni libc6-dev. Humo ndimo mlimo stdio.h na wenzake, pamoja na vipande vidogo vya kuanzishia programu, kama crt1.o, ambavyo huunganishwa na kazi yako hata kama umeandika mistari miwili tu. Kompaila bila hivyo ni cherehani isiyo na uzi. Mimi somo hilo nililipata pale, wala si darasani, ambako mashine zilikuwa zimeandaliwa kabla hatujaingia.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukazinduliwa. Bei hazikuporomoka siku hiyohiyo, lakini polepole flashi ikakosa kazi.

Kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, kilitoka kwa watu wa Python. Kusakinisha NumPy kwa pip kulikuwa kuijenga palepale kwenye mashine yako. Kwenye Windows ungeambiwa kwamba faili vcvarsall.bat halionekani, basi. Neno kompaila halikutajwa. Ilibidi ujue mwenyewe kwamba faili hilo ni la Visual Studio. Muundo wa wheel, uliokubaliwa 2013, uliruhusu vifurushi kuja vikiwa vimeshajengwa, na kuanzia 2016 manylinux ikaufikisha kwa watumiaji wa Linux. Wakaja vijana walioandika Python miaka mizima bila kuijua gcc. Sikuwaonea wivu, wala sikuwasikitikia.

Kisha kontena zikashika kasi, na watu wakaipenda Alpine kwa udogo wake. Alpine hutumia musl badala ya glibc, kwa hiyo wheel za manylinux haziifai. Pip ilirudi kwenye msimbo, ikatafuta gcc, ikaikosa. Hadi 2021, ilipokuja musllinux, dawa ilikuwa kuongeza build-base na, mara nyingi, python3-dev kwa ajili ya Python.h.

Lakini hakuna aliyetaka mzigo huo ubaki. Leo tunajenga kwa hatua mbili: kontena la kwanza lina kompaila na vichwa vyote, la pili linachukua kilichokwisha kujengwa tu. Mkaguzi wa usalama akiikuta gcc kwenye seva anaandika dosari, nami naiondoa bila ubishi.