Laki nane za kikoba na dogo aliyetaka kompyuta yenye taa

Wadau, kuna dogo mmoja wa Mbagala, jina kapuni, ana miaka 22 na shule aliishia form four. Mtaani anajulikana kwa vitu viwili: kufunga watu magoli kwenye kibanda cha PS, na kukata video za shughuli kwa simu. Kitchen party, send-off, mahafali, we mpe tu. Shida ilikuwa simu yenyewe. Ikishika joto inajizima katikati ya kazi, na mteja naye anataka video yake leo leo ajirushe status. Basi dogo akawa anaota mashine moja ya kufanya yote mawili, apige gemu na akate video. Hela sasa!

Hela ilitoka kwa dada yake, anayeuza mitumba Karume. Dada akakopa laki nane kwenye kikoba chao, dhamana friji na makochi, marejesho kila wiki. Na ikumbukwe mwaka jana dada huyo huyo alitoa pesa ya simu "mpya ndani ya boksi" ambayo dogo aliichagua mwenyewe, ikafa ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo safari hii akasema hela haitoki kwenye pochi yake. Wanaenda wote dukani, au hakuna kompyuta.

Orodha ya kwanza ya dogo ilikuwa balaa. Kesi ya kioo yenye feni tatu za kuwaka rangi, kibodi ya taa, mausi ya taa, kiti kile cha kama gari la mashindano, na prosesa lazima i7. Yote kayaokota kwenye video za YouTube za watu wa Ulaya na Marekani. Dada akaisoma yote, akauliza swali moja:

"Ukitoa taa, kinachocheza gemu hapa ni kipi?"

Dogo akaonyesha chini kabisa: kadi ya grafiki, ile wanayoiita GPU. Ilikuwa imebakiziwa elfu tisini.

Yaani hapo ndipo wengi wanapopigwa bila kuibiwa na mtu. Kwenye kompyuta ya gemu, GPU ndiyo inayochora picha zote unazoziona. Kesi ya kioo haiongezi hata fremu moja. Ukiwa na hela ya mawazo, GPU inakula fungu kubwa, prosesa inafuata kwa kiasi cha kuilisha hiyo GPU, halafu unahakikisha pawa saplai inabeba mzigo wote. Taa utaweka ukipata hela nyingine.

Na hii habari ya i7 watu waielewe. Neno i7 peke yake halisemi kitu. Kuna i7 za mwaka 2009 ambazo leo ni za kuzuia mlango. Namba zinazofuata ndizo zinazotoa siri: i5-4570 ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina koo nne. Lakini i7-4600U ya laptop, kizazi hicho hicho cha nne, ina koo mbili tu. Ukiangalia stika ya i7 ukaachana na namba, utalipa zaidi upate pungufu. Dada alilielewa hilo haraka kuliko dogo, maana kwenye belo pia lebo ya Nike inaweza kukaa kwenye fulana iliyooza kwapani.

Wakaingia Kariakoo siku ya Jumanne. Duka la kwanza muuzaji akamwona dogo anavyotoa macho, akaanza, "Mdogo wangu, hii ni i7, gemu zote inapiga." Dada akaomba ifunguliwe. Ndani hakuna GPU kabisa, ni picha za kwenye prosesa. "Asante kaka, tunazunguka kidogo tutarudi." Hawakurudi.

Kabla ya hapo dogo alikuwa ameshachumbiwa na kadi mtandaoni. GTX 1050 Ti, bei ya kutupa, inaletwa mpaka mlangoni. Picha ilionyesha tundu la VGA nyuma, lile la bluu la zamani. Hapo ndipo pa kutia shaka, kwa sababu chipu ya 1050 Ti yenyewe haitoi tena VGA. Kuna kadi feki kibao duniani za namna hii: wanachukua chipu ya zamani mno, kama ya GTX 550 Ti, wanaibadilisha taarifa zake za ndani ili ijitambulishe kwa jina la kisasa. Windows inaamini. Gemu ikianza ndio unajua. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, inasoma chipu yenyewe, na kadi ya hivyo inaiandikia FAKE mbele ya jina. Dogo alipomwomba muuzaji picha ya GPU-Z, akapigwa blok. Jibu si ndio hilo.

Mtego wa pili ulikuwa mtamu zaidi. Duka moja walikuwa na RX 580 ya 8GB, na bei yake ilikuwa chini ya kadi nyingine zote za maana. Dogo akaganda. Sasa hizi nyingi zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni, zikikesha mchana na usiku, na Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022, kadi zikamwagika sokoni. Si kwamba zote ni mbovu. Ila RX 580 inakula kama wati 185 na inataka waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. Ukiiweka kwenye mashine ya ofisi ya mtumba, waya huo haupo. Na kwenye hizo Dell OptiPlex za kizazi cha nne huwezi kubadilisha pawa saplai kirahisi, maana mazabodi yake inatumia plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Itabidi utafute adapta, ununue pawa saplai nyingine, na ile bei ya chini imeshayeyuka.

Wakaishia kwenye Dell OptiPlex 9020, ile kubwa ya kusimama. Ukubwa wa boksi hapa ni muhimu, kwani ile nyembamba inakubali kadi fupi tu, na ukikosea unabaki na kadi isiyoingia. Ina i5-4570, RAM 8GB kwa vipande viwili vya nne nne, laki tatu baada ya kuvutana. GPU wakachukua GTX 1650 iliyotumika, 4GB, kwa 270,000. Siri ya hiyo kadi ni kwamba inatumia wati 75, na nyingi zinapata umeme huo kwenye tundu la mazabodi bila waya wa ziada. Zipo pia zenye tundu la waya, kwa hiyo geuza uangalie kabla hujalipa.

Na dada aligeuza kweli. Akashika ile kadi kama anavyoshika suruali ya jinzi: ndani nje, kwenye mishono. Akauliza mbona skrubu mbili zimechunika vichwa. Muuzaji akasema ilifunguliwa kusafishwa vumbi. Dada akasema sawa, basi iwashwe hapa hapa na gemu ichezwe, na yeye akavuta kiti. Walikaa dakika arobaini. GPU-Z ikaonyesha kadi halisi, joto likapanda likatulia, feni haikulia. Jamaa wa dukani alinuna kidogo lakini mwisho akawaandikia risiti yenye namba ya kadi na wiki mbili za kurudisha. Dogo alikuwa anaona aibu muda wote huo, anaangalia chini.

Zilizobaki zikaenda hivi: SSD ya 240GB elfu sitini, monita ya mtumba inchi 20 elfu themanini, kibodi na mausi za kawaida elfu ishirini, na stabilaiza elfu hamsini. Stabilaiza ilileta ugomvi, maana dogo alitaka hiyo hamsini iende kwenye kibodi ya taa. Dada akamkumbusha umeme wa kwao unavyoruka jioni watu wote wakiwasha pasi na mafriji. Jumla 780,000. Elfu ishirini ikalipa bajaji na chipsi mayai.

Sasa msidhani mashine hii ni ya maajabu. GTA V inatembea vizuri tu kwenye monita ile. PES 2021 inateleza. Lakini dogo ni mtu wa mpira, na EA FC 24 kwa uchache inaomba i5-6600K, prosesa ya kizazi cha sita. Yake ni ya nne. Kwenye kibanda cha PS wenzake wanacheza mpya, yeye nyumbani ana FIFA 19. Windows 11 nayo rasmi haiipokei prosesa ya namna hii, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. RAM yake ni DDR3, kwa hiyo siku akihamia mashine ya kisasa haendi nayo. Kitakachohama ni GPU, SSD na monita. Angekuwa na milioni na nusu angeanza na prosesa ya Ryzen kwenye mazabodi ya AM4, anaongeza kidogo kidogo. Hakuwa nayo, na friji ya dada ilikuwa kwenye karatasi za kikoba.

Marejesho ya wiki nne za kwanza dogo amelipa mwenyewe, kwa send-off tatu na mahafali moja. Wiki ya tano kazi ilikosekana, dada akajazia kutoka kwenye mauzo ya magauni, bila kusema neno. Dogo naye hakusema, ila usiku ule hakuwasha gemu, alikaa anatafuta wateja Instagram mpaka saa nane.

Juzi kapata elfu thelathini na tano za pembeni. Anataka kuongeza RAM, maana video ndefu ya harusi ikifika nusu saa mashine inaanza kukohoa. Dada anasema ikae kwa ajili ya wiki ambayo kazi itakosekana tena. Wadau wa mashine, kwa i5-4570 yenye 8GB na kazi za video, mngemwambia nini huyu dogo?